Mwaka Wako Tulioupoteza Mimi na Mama Yako

Sekela mwanangu,

Wewe na mdogo wako Rozi mmetoka sasa hivi kwenda kuwaaga majirani, nami nimeona niandike kabla hamjarudi. Ukiwa humu ndani siwezi. Kila nikikutazama najikuta nauliza kama umeweka sabuni, kama umeweka sweta, na wewe unaniitikia kwa upole kama mtu anayemjibu mgonjwa. Nitakupa karatasi hizi kesho pale stendi. Zisome basi likishaondoka, na uzimalize kabla hujafika Mlowo.

Mambo ya namna ya kuishi huko chuoni Njombe sikuandikii. Ningekufundisha nini? Tangu mama yako ahame, wewe ndiye umeendesha nyumba hii. Mimi ndiye niliyejifunza kwako kwamba maharage hulowekwa mapema na kwamba nywele za Rozi hazichanwi zikiwa kavu. Nataka kukueleza yaliyonipata mimi baada ya kuachana na mama yako. Mengi uliyaona, lakini uliyaona ukiwa upande wako, na sijawahi kukaa nawe nikakueleza yalivyokuwa upande wangu.

Unaikumbuka siku aliyohama. Kirikuu kilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, majirani wakatoka kila mmoja na kazi yake ya uongo, huyu anafagia palipokwisha kufagiliwa, yule anaanika nguo kavu. Kabati la vyombo likagoma kupita mlangoni. Tulipolinunua lilikuja vipande vipande, mimi na mama yako tukaligongelea humo humo ndani, wewe ukiwa mtoto wa kutambaa, tukicheka kwa sababu tulikosea milango tukaifunga juu chini. Dereva akalitazama akasema, "Mzee, hili mpaka livunjwe." Mama yako akasema, "Liache tu." Mimi nikaenda kuchukua nyundo.

Sikulivunja kwa hasira, ingawa najua ndivyo ulivyoona. Nilitaka asibakize kitu. Nilijua likibaki nitakuwa nalitazama kila asubuhi. Wewe ulikuwa umesimama umeshika hotipoti, hujui uipeleke garini au uirudishe ndani, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuambia uiweke wapi. Gari liliondoka bado umeishika.

Watu wengi wameniuliza tuligombana kwa ajili ya nini. Nawe najua umejiuliza. Hakukuwa na mwanamke mwingine wala mwanaume mwingine, na sikuwahi kumpiga mama yako. Tulichoshana. Ilifika mahali nikisikia hatua zake nje, mabega yangu yanapanda yenyewe. Naye aliniambia baadaye kwamba akisikia nakohoa mlangoni, alikuwa anatafuta kazi ya uani. Watu wawili wanaoishi hivyo hawahitaji sababu kubwa. Yetu ya mwisho ilikuwa mfuniko wa sufuria.

Baba wadogo wa mama yako walikuja kutoka Ileje kwa kikao, wewe ukiwa unachemsha chai upande wa pili wa pazia. Mkubwa wao akauliza vizuri tu, bila ugomvi, kwamba watoto watalelewaje, nani atatoa nini. Mimi nikasimama. Mtu hasimami kwenye kikao kama kile, lakini nilisimama. Nikasema, "Watoto wangu watakula jasho langu. Shilingi ya binti yenu siitaki hata moja." Mama yako akainamisha macho. Nilirudi kukaa nikijiona mwanaume.

Sekela, nilikuwa sijui nyumba yangu ilikuwa inakwendaje. Huo ndio ukweli. Mimi kazi yangu ni kushona maturubai ya malori, na kazi hiyo ina msimu. Mvua zikianza, madereva wanaosubiri kuvuka mpaka wanajaa kibandani, kila mmoja anaogopa mzigo wake usilowe, nami nashona mpaka vidole vinakufa ganzi. Kiangazi kikija, turubai likitoboka hakuna anayejali. Miaka yote hiyo viangazi vilikuwa vinapita na sisi tunakula, nami nikadhani ni cherehani yangu. Kumbe yalikuwa maharage ya mama yako aliyokuwa anayavusha mpaka kwenda Nakonde, na dagaa wa kapenta aliokuwa anarudi nao na kuwauza. Hakuwahi kunitangazia. Alikuwa anaweka unga ndani na kunyamaza.

Kiangazi cha kwanza bila yeye kikanikuta nimekaa kibandani natazama barabara. Na badala ya kubana matumizi, nikafanya ujinga. Rozi alirudi kutoka Mlowo, mama yenu alikohamia, na gauni jipya aliloshonewa naye, amefurahi, anazunguka nalo mlangoni. Kesho yake nikaenda kumnunulia viatu vile vinavyowaka taa kwenye soli. Hakuviomba. Mwezi uliofuata mama yake akampa begi, mimi nikampa mwavuli na mdoli. Nilikuwa nashindana na mtu ambaye hata hakujua kuna mashindano. Kodi ilipofika sikuwa nayo, ndipo tukahama Majengo tukaja huku Chapwa, tukawa tunalala nyinyi chumbani na mimi sebuleni. Niliwaambia kwamba tumehama ili nyinyi mpate hewa safi. Rozi aliamini. Wewe ulinitazama, ukaanza kufunga vyombo.

Aibu nayo ilikuwa inanimaliza. Kule kibandani niliwaambia wenzangu kwamba Mama Sekela amekwenda Ileje kumuuguza mama yake. Nikasema uongo huo hivi hivi, siku moja, kwa kuwa mtu aliniuliza nikiwa sijajiandaa, kisha ikabidi niutunze. Sikufikiria kwamba nawe utaulizwa. Siku moja nilikuwa nakuja bombani nikusaidie ndoo, nikamsikia mke wa fundi mwenzangu anakuuliza, "Bibi anaendeleaje?" Ukasema, "Anaendelea vizuri, anawasalimu." Ulisema bila hata kusita. Niligeuka nikarudi nyumbani bila kuchukua ndoo. Kanisani nikaacha kwenda kwa sababu hiyo hiyo. Niliona heri Jumapili nikashone, hata kama hakuna cha kushona, kuliko kukaa kwenye benchi ambalo watu wanajua nani alikuwa anakaa pembeni yangu.

Na jioni nilikuwa nachelewa kurudi. Ulidhani ni kazi. Mara nyingi hapakuwa na kazi. Nilikuwa nakaa na makuli, nasikiliza redio yao, kwa sababu sikuweza kuingia kwenye nyumba iliyonyamaza vile. Sikufikiria kwamba nyinyi mlikuwa ndani ya ukimya huo huo, na nyinyi hamkuwa na pa kwenda. Nilikuwa nakuta chakula kimefunikwa, na Rozi amelala kwenye mapaja yako na sare zake za shule.

Mama yako tulikuwa hatusemezani. Kila kitu kilipita kwako. "Mwambie mama yako Rozi sweta limembana." "Mwambie mama yako asimpe mtoto simu achezee mpaka macho yanakuwa mekundu." Naye akirudisha: "Mama anasema homa siyo ya kupewa panadoli tu." Jioni moja ulikuwa unasonga ugali, mimi nimesimama mlangoni nakupa maneno mengine ya kupeleka, ukasema bila kugeuka, "Baba, mimi siyo simu. Namba yake unayo."

Ukaendelea kusonga.

Nilikasirika, Sekela. Nilitoka nje nikazunguka mtaa nikijiambia kwamba huyu mtoto amekosa adabu kwa kuwa amekosa mama. Ningekusikiliza siku ile, mwaka wako ungepona.

Maana haikupita muda majina ya vyuo yakatoka. Ulikuja kibandani mbio, kandambili moja umeishika mkononi kwa kuwa ilikatika njiani, unaninyooshea simu. Umechaguliwa uuguzi. Madereva walikupigia makofi, mmoja akakununulia soda, nami nikakuinua kama ulipokuwa mdogo. Nadhani ndiyo siku pekee ya mwaka ule niliyocheka kwa sauti.

Halafu yakaja ya ada, godoro, sare, nauli. Sikuwa na kitu. Na nilikuwa nimesema kwenye kikao kwamba shilingi yake siitaki. Kwa hiyo nikakuambia subiri. Nikakuambia kuna dereva namdai hela ya turubai kubwa, akirudi kutoka Lubumbashi mambo yatakaa sawa. Hakukuwa na dereva huyo. Ulikuwa unaniuliza mara moja kwa wiki, kwa sauti ndogo, kama mtu anayebisha hodi kwa mtu aliyelala. Kisha ukaacha kuuliza. Siku ya mwisho ya kuripoti ilipopita nilikukuta nje unafua, nikakuambia, "Mwanangu, mwaka huu imeshindikana." Ukasema, "Sawa baba." Ukakamua nguo uliyokuwa umeishika, ukaanika, ukachukua nyingine. Wiki iliyofuata ukaanza kuuza makava ya simu kwenye duka la yule mama wa stendi, na jioni ukawa unarudi na mkate na sukari. Niliula ule mkate. Kila siku niliula.

Sasa kuna mtu unamjua kwa jina tu, ba Mwila, yaani Bwana Mwila, dereva wa Ndola, yule aliyekuwa akiniita bashi Sekela, kama wanavyomwita kwao baba wa mtoto. Alikuwa amekwama hapa mpakani na mzigo, turubai lake limechanika, nami nikawa nalishona naye kakaa juu ya tairi ananipigia hadithi. Akaniuliza habari za bamayo, yaani mama wa nyumbani. Sijui kwa nini, labda kwa kuwa ni mtu wa kupita, nikamwambia ukweli. Ilikuwa mara ya kwanza kuutamka kwa mdomo wangu. Nikamwambia tumeachana, nikamwambia na habari ya chuo chako.

Akasema, "Bashi Sekela, mimi pia niliachana. Nilisema yule mwanamke hataniona nikimpigia simu. Na kweli, sikupiga. Sasa watoto wangu wananiita ba Mwila. Kama wewe unavyoniita."

Nikadhani anatania. Akasema, "Binti yangu ameolewa Kapiri. Niliambiwa na dereva mwenzangu pale kwenye mizani ya malori. Alinipa hongera, mimi sijui hongera ya nini."

Alitazama mikono yangu mpaka nilipomaliza, akalipa, akaondoka foleni iliposogea. Kesho yake sikufungua kibanda. Nilipanda gari kwenda Mlowo.

Nilimkuta mama yako gulioni anasimamia upakiaji wa maharage, kitenge kimefungwa kiunoni, vumbi mpaka kwenye kope. Amekonda, lakini alikuwa anawaamrisha wale wapakiaji kwa sauti ambayo sikuisikia nyumbani kwetu hata siku moja. Aliponiona akashtuka.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Nimekuja kwa ajili ya chuo cha Sekela."

Tukaenda kwa mama ntilie, tukakaa benchi moja kwa kuwa hapakuwa na jingine, wote tukitazama barabara. Chai ikaanza kupoa. Kisha akasema, "Hela ya Sekela ilikuwepo. Niliiweka pembeni mwaka jana nilipouza maharage. Nikawa nasubiri upige simu."

"Si ungepiga wewe?"

"Nipige niseme nini, Baba Sekela? Mbele ya baba zangu ulisema shilingi yangu huitaki. Nikajua una mpango wako."

"Sikuwa na mpango."

"Mtoto naye nilipomuuliza aliniambia baba anashughulikia." Akazungusha kikombe. "Na mimi nisikufiche. Nilitaka uombe. Nilitaka nikusikie kwa masikio yangu unaniomba. Ndiyo nikasubiri, nikasubiri, mpaka nikasikia kwa watu kwamba mtoto anauza makava ya simu."

Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Mimi nilikuwa natazama lori linalopita, sikuona hata rangi yake.

Hivyo ndivyo mwaka wako ulivyokwenda, Sekela. Hela ilikuwa Mlowo, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na mimi na mama yako kila mmoja amekaa kwake anamsubiri mwenzake aseme. Wewe uliwekwa katikati ukanyamaza ili usimwaibishe yeyote. Najua ndiyo sababu ulimwambia baba anashughulikia. Ulikuwa unanifichia kwa mama yako kama ulivyonifichia pale bombani, na mimi ndiye niliyekufundisha.

Siku ile tulipanga mambo ambayo tungeyapanga siku ya kikao. Ada mimi na yeye nusu kwa nusu. Godoro, sare na vitu vya chuoni ni yeye. Nauli na matumizi ni mimi. Rozi akiugua tunapigiana, hata kama ni mafua. Mtu akikosa anasema amekosa, mapema, na mwenzake hamchambi. Ni maneno machache na yalituchukua kikombe kimoja cha chai. Niliporudi nikauza cherehani ile ya pili, ile kubwa. Wewe uliniuliza iko wapi, nikakuambia nimeiuza kwa ajili yako, na hiyo ndiyo mara ya kwanza baada ya muda mrefu kukujibu swali la hela bila kuzunguka. Niliona jinsi ulivyoshusha pumzi. Mtoto kumbe haogopi sana kusikia kwamba hakuna. Anaogopa kutojua.

Nikuambie na hili, kwa sababu nimekubaliana na nafsi yangu nisikufiche. Tulipokuwa tunainuka pale benchini mama yako alisema, "Sirudi, lakini. Ulielewe hilo." Nikamwambia, "Sikuja kukurudisha." Sekela, nilikuwa nimevaa shati la bluu, lile alilokuwa akilipenda. Nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe asubuhi ile. Nafikiri aliliona.

Kwa hiyo usiende Njombe ukiwa unahesabu kwamba siku moja utarudi likizo utukute pamoja. Najua unalitumaini, kwa sababu na mimi nimelitumaini, na kulitumaini kumenichelewesha kufanya mambo mengi ya maana. Tumeanza kuongea vizuri kwa sababu tumeacha kungoja hilo.

Kanisani nimerudi, nakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Kibandani wanajua ukweli sasa. Niliwaambia, wakasema walikuwa wanajua siku zote. Bado kuna jioni napita mbele ya nyumba yetu ya zamani Majengo bila kuwa na safari ya huko. Sijui hilo litaisha lini. Siwezi kukuahidi.

Sasa jambo la Rozi. Nimelibakiza mwisho kwa makusudi, basi likiwa limeshatembea. Rozi ameomba kwenda kuishi na mama yake. Aliniambia mwenyewe wiki iliyopita, akiwa ananitazama vidole vya miguu. Alisema, "Baba, dada akiondoka mimi nitakaa na nani ukiwa kazini?" Nimeongea na mama yako na tumekubaliana aende shule zikifungwa. Kwa hiyo ni kweli, nitabaki peke yangu humu, na tumekuficha hilo wote watatu, kwa sababu tunakujua. Ungesema chuo kisubiri kidogo. Umeshawahi kusubiri. Usishuke Vwawa ili urudi, Sekela. Usinipigie simu ukilia ukisema utarudi. Kaa hapo ulipo.

Nilikugeuza mama wa nyumba hii ukiwa bado mtoto. Ulipika, ukafua, ukamlea mdogo wako, ukanilea na mimi, na nikakuita msichana mzuri, kana kwamba sifa inatosha kulipa. Wenzako uliomaliza nao utawakuta wametangulia mwaka mzima, watakuonyesha njia za hospitali kama mgeni, na itakuuma. Ikikuuma, kasirika. Usijizuie kwa ajili yangu. Unaweza kunikasirikia na bado ukawa binti yangu. Usitume hela nyumbani. Usipige simu kuuliza kama nimekula. Ukitaka kunipigia, nipigie uniambie ulichokiona huko, hata kama ni upuuzi.

Na siku moja, Mungu apishe mbali, ukijikuta na wewe umesimama mlangoni gari likipakia vyombo, mtazame mtoto wako ameshika nini mkononi. Mpokee, halafu yaendelee mengine.

Nawasikia mnarudi. Rozi anaimba, wewe unamwambia apunguze sauti. Namalizia.

Kwa safari ya kesho nimekata tiketi mbili. Kiti cha pembeni yako kitakuwa wazi kutoka hapa, na mtu akitaka kukikalia mwambie kina mwenyewe. Mama yako atapanda Mlowo akufikishe mpaka chuoni. Tulitaka twende wote watatu, kisha tukaona bado hatuwezi kukaa safari nzima hivyo, na siku hiyo ni yako. Mimi nitaishia stendi.

Akipanda, inuka mpishane, umwachie kiti cha dirishani. Akikaa upande wa njia kichefuchefu humsumbua kuanzia Mbeya mpaka mwisho wa safari, na hatakuambia.

Baba yako
Chapwa, Tunduma